Kifungo cha mwisho ni cha mtoto

Katika kazi yangu ya tiba kwa vitendo, hakuna neno linalowachanganya wazazi kama «hasi». Nikitaja uimarishaji hasi, wengi hudhani nazungumzia fimbo. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alimaanisha jambo jingine: tokeo lolote linalofanya tendo lizidi kurudiwa ni uimarishaji, nao huwa chanya pale mtoto anapopewa kitu baada ya tendo, na huwa hasi pale anapoondolewa karaha. Fimbo hupigwa ili tendo likome, kwa hiyo ni adhabu, na haijapata kumfundisha mtu kufunga vifungo.

Vifungo ndivyo vilivyomleta kwangu mvulana mmoja wa miaka sita. Kila asubuhi gari la shule lilipopiga honi alianza kulia, na mama yake akamfunga shati haraka ili kilio kiishe. Kilio kiliisha kweli, na nafuu hiyo ndiyo iliyomfanya mama afanye vivyo hivyo kesho yake. Uimarishaji hasi ulikuwa unafanya kazi barabara, ila aliyefundwa alikuwa mama! Mtoto naye alijifunza kwamba machozi humwondolea kazi.

Tulihamishia zoezi jioni, wakati hakuna honi, tukaanzia mwisho. Mama alifunga vifungo vyote isipokuwa cha chini kabisa, ambacho alikipenyeza nusu kwenye tundu lake, akamwachia mwanawe akivute. Kilipotoka tu, alimwambia, «Umekivuta mwenyewe mpaka kikatoka!» kisha akamkabidhi ufunguo akafungue geti, kazi aliyoipenda kuliko pipi. (Sina ugomvi na pipi, lakini mtoto akishazikinai hazina nguvu tena.) Alipokimudu hicho, akaachiwa na cha juu yake.

Uimarishaji hasi nao tuliupa mahali pake. Vidole vikichoka, aliruhusiwa kusema «nipumzike», na shati liliwekwa kando mara moja kwa dakika mbili. Akilia bila kusema, mama alimkumbusha neno lile kwa upole na kusubiri alitamke, hata kwa sauti ya chini, kwa kuwa tulitaka ombi ndilo limpatie nafuu badala ya kilio.

Mgumu zaidi alikuwa bibi, ambaye mara mojamoja alimhurumia mjukuu akamfunga shati lote. Utafiti wa Skinner na Charles Ferster, uliochapishwa mwaka 1957, ulionyesha jinsi mpangilio wa tuzo unavyoathiri tabia. Na tendo linalolipwa mara mojamoja ndilo linalochelewa kufifia, kwa hiyo kilio kilichofanikiwa Jumanne kitajaribiwa tena siku nyingi zinazofuata. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyotufanya tupunguze sifa kidogokidogo baada ya mtoto kuzoea.

Sasa anafunga vifungo vitano. Cha shingoni bado kinamshinda, nacho mama hukifunga mwanawe anapomwomba, «Mama, nisaidie hiki.»