Je, wajua kwa nini Dublin ilibadilisha meneja bila kuacha kushinda?

Septemba 2019, timu ya kaunti ya Dublin ilitwaa ubingwa wa Ireland wa mpira wa Kigaeli kwa mara ya tano mfululizo. Hakuna timu nyingine ya wanaume ya wakubwa, iwe ya mpira wa Kigaeli au ya mchezo wa fimbo wa hurling, iliyokuwa imefika hapo. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, meneja Jim Gavin akabwaga manyanga. Ligi, shindano lililo kando na ubingwa, ilikuwa inaanza Januari. Mrithi wake, Dessie Farrell, alitangazwa Desemba, na kabla mwaka 2020 haujaisha alikuwa ameshalibeba kombe lilelile, la Sam Maguire.

Meneja aliyeshinda makombe sita anaondoka ghafla, anakuja mwingine, na timu haiyumbi. Iliwezekanaje?

Wengi watajibu kwamba Dublin ni kubwa na ina pesa. Ni kweli kwamba ndiyo kaunti yenye watu wengi kuliko zote Ireland, na kwa miaka mingi ilipata fungu nono la kukuza vipaji. Lakini ukubwa huo ilikuwa nao pia kati ya 1995 na 2011, miaka kumi na sita ambayo haikushinda ubingwa hata mara moja. Kwa hiyo ukubwa peke yake haujibu swali.

Tuuangalie mchezo wenyewe kwanza. Mpira wa Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande. Mpira ni wa duara, hudakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, na magoli yana umbo la herufi H. Ukiingiza wavuni ni pointi 3, ukipitisha juu ya mwamba ni pointi 1, na tangu 2025 ukipitisha juu ya mwamba kutoka nje ya tao la mita 40 unapata 2. Chama kinachousimamia, GAA, kilianzishwa Thurles mwaka 1884 na kinahusisha kaunti zote 32 za kisiwa, zikiwamo sita zilizo chini ya Uingereza. Fainali huchezwa Croke Park, uwanja wa watu zaidi ya 82,000, na wanaokimbia pale ni walimu, wauguzi, mafundi umeme na wanafunzi. Hakuna anayelipwa mshahara kwa kucheza. Jumatatu asubuhi, bingwa wa Ireland anaweza kuwa darasani akifundisha hesabu.

Hakuna soko la wachezaji pia. Kijana huchezea klabu ya kijijini au mtaani kwao, na klabu hiyo ndiyo inayompa kaunti. Kuhama kupo, lakini ni kwa nadra na kwa masharti. Sisi tumezoea kuona kocha akitimuliwa Jumatatu, mwingine akishuka uwanja wa ndege Jumatano na orodha ya majina ya kusajiliwa mfukoni. Ireland, meneja mpya huwakuta vijana walewale waliozaliwa pale, na ndio atakaokufa nao. Kwa hiyo kitu cha thamani anachoweza kuja nacho ni kuwajua vijana hao: nani huvunjika moyo akibadilishwa, nani anatakiwa kucheza nyuma ingawa klabuni kwake anacheza mbele, nani ataiva akiwa na miaka 23 na si 19.

Maarifa ya namna hiyo hupatikana kwa kuwalea, na mahali pa kulea ni timu za vijana za kaunti. Kwa miongo mingi ngazi zilikuwa mbili: chini ya miaka 18 na chini ya miaka 21. Mwaka 2018 zilishushwa kuwa 17 na 20.

Rudi sasa kwa Gavin. Kabla ya kukabidhiwa wakubwa mwishoni mwa 2012, alikuwa ameshaipa Dublin ubingwa wa Ireland wa chini ya miaka 21 mara mbili, 2010 na 2012. Kikosi cha 2010 kilikuwa na Jonny Cooper na James McCarthy. Cha 2012 kilikuwa na Ciarán Kilkenny na Jack McCaffrey. Alipopanda, alikuwa nao. Hakuwa na haja ya kujitambulisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Pat Gilroy, aliyemtangulia, alikuwa ameuvunja ule ukame mwaka 2011, hivyo Gavin alikuta nyumba iliyosimama na watoto aliowalea mwenyewe wakisubiri mlangoni.

Farrell naye, wakati Gavin anakusanya makombe juu, alikuwa chini akifanya kazi isiyopigiwa kelele. Alitwaa ubingwa na vijana wa chini ya miaka 18 mwaka 2012, kisha na wa chini ya miaka 21 mwaka 2014 na 2017. Brian Fenton alipita mikononi mwake 2014, Con O'Callaghan 2017. Kwa hiyo mwaka 2019 sehemu kubwa ya wachezaji walikuwa wanamfahamu kabla hata hajateuliwa. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukaa mezani na kuandika mpango huo wote. Ninachoona ni kwamba foleni ilikuwepo, na aliyekuwa mbele alipoondoka, wa pili alisogea.

Dublin haikuvumbua njia hii. Kaunti ya Tyrone ilimpa Mickey Harte timu ya wakubwa mwishoni mwa 2002 baada ya yeye kushinda ubingwa wa vijana mwaka 1998, 2000 na 2001. Mwaka wake wa kwanza, 2003, Tyrone ilipata kombe la kwanza katika historia yake, kisha la 2005 na la 2008. Alipoondoka 2020, waliokabidhiwa ni wawili kwa pamoja, Feargal Logan na Brian Dooher, ambao nao walikuwa wameshinda ubingwa wa chini ya miaka 21 mwaka 2015. Msimu wao wa kwanza, 2021, wakawa mabingwa.

Kuna fainali moja ya vijana ninayopenda kuitaja kila mjadala huu unapozuka. Ilikuwa Mei 2010, Dublin ikiwafunga Donegal 1-10 kwa 1-8 (namba ya kwanza ni mabao ya wavuni, ya pili ni pointi za juu ya mwamba), yaani kwa pointi mbili tu. Upande mmoja wa uwanja alisimama Jim Gavin. Upande wa pili alikuwa Jim McGuinness. Miaka miwili baadaye McGuinness alikuwa bingwa wa Ireland na wakubwa wa Donegal, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Gavin. Nani angekisia kwamba wanaume wawili waliokuwa wakifoka kando ya mechi ile ya vijana wangeugeuza mpira wa Ireland kwa muongo mzima?

Hata hivyo njia hii si hirizi. Kerry, kaunti yenye makombe mengi kuliko zote, ilifanya kama Dublin na ikapata matokeo tofauti. Peter Keane aliwapa ubingwa wa vijana mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018, akakabidhiwa wakubwa na kufika fainali 2019, akaipoteza kwa Dublin katika mechi ya marudiano. Baada ya msimu wa 2021 akawekwa kando. Aliyerudishwa ni Jack O'Connor, mtu aliyekwisha kuwa meneja wa Kerry mara mbili, na akatwaa ubingwa 2022 na tena 2025. Lakini usisahau kwamba vijana wengi wa kikosi hicho walipita kwa Keane, na O'Connor mwenyewe aliwahi kushuka kufundisha vijana akashinda 2014 na 2015. Mpanzi na mvunaji hawakuwa mtu mmoja. Keane, kwa maoni yangu, hakupewa shukrani aliyostahili.

Na hapo ndipo tunafika kwenye jambo linalovuruga mipango yote: nani hasa humchagua meneja? Si mwenyekiti tajiri. Kwa kawaida kamati ya kaunti huunda kamati ndogo ya kutafuta jina, huzungumza na wagombea, kisha hulipeleka kwa wajumbe wa klabu walithibitishe. Mara nyingi muda ni miaka mitatu, pengine kwa masharti ya tathmini kila mwaka. Wajumbe hao ni watu wa kujitolea, kila mmoja na klabu yake moyoni, na mwenye kinyongo kwa sababu kijana wa kwao hakuitwa kikosini ana kura sawa na mwingine.

Kieran McGeeney anaijua vizuri kura hiyo. Mwaka 2013, baada ya misimu sita na Kildare, wajumbe walimwondoa kwa tofauti ya kura moja. Akarudi kwao Armagh, akawa msaidizi wa Paul Grimley mwaka 2014, akarithi mikoba. Miaka ikapita bila hata taji la jimbo la Ulster. Mwaka 2023 wajumbe wa Armagh nao wakapiga kura kuamua kama abaki. Wakambakiza. Julai 2024 Armagh ikaifunga Galway kwenye fainali na kuwa bingwa kwa mara ya pili tu katika historia. Mara ya kwanza, 2002, nahodha alikuwa McGeeney huyohuyo.

Sehemu ya tatizo ni kwamba kazi yenyewe, kwa sheria, haina mshahara. Meneja hurudishiwa gharama za safari na basi. Kwamba wapo wanaolipwa kwa siri ni jambo linalosemwa kila mahali. Peter Quinn, aliyewahi kuwa rais wa GAA, anakumbukwa kwa utani kwamba walipoyatafuta malipo ya chini ya meza hawakuiona hata meza. Lakini mtu asiye na mkataba wa ajira anaweza kuondoka jioni moja, na hakuna wa kumdai fidia. Akiondoka huenda na benchi lake lote la ufundi: msaidizi, kocha wa makipa, mtaalamu wa viungo, mchambuzi wa takwimu. Rekodi za miaka mitatu za nani aliumia lini zinaweza kuondoka ndani ya kompyuta ya mtu.

Derry ililionja hilo. Mei 2023, siku chache kabla ya fainali ya Ulster, meneja Rory Gallagher aliachia ngazi. Msaidizi wake, Ciarán Meenagh, akashika usukani, Derry ikaifunga Armagh kwa penalti na baadaye ikafika nusu fainali ya Ireland. Msimu ulipokwisha Meenagh hakuendelea. Kaunti ikamchukua Mickey Harte, gwiji wa jirani na hasimu wao Tyrone. Machi 2024 wakashinda ligi, wakachekelea. Kiangazi wakaporomoka, na Harte akaondoka baada ya msimu mmoja. Akaja Paddy Tally, na 2025 Derry ikashuka kutoka daraja la kwanza la ligi. Kwa msimu wa 2026 wakamkabidhi timu Meenagh, yule msaidizi wa 2023.

Derry ilikuwa imemtoa Harte wapi? Louth, kaunti ndogo aliyoikuta daraja la nne na kuipandisha hadi la pili. Aliondoka Septemba 2023 na wengi wakadhani hadithi imeishia hapo. Ger Brennan, beki wa zamani wa Dublin, akachukua. Mwaka 2025 Louth ikatwaa ubingwa wa jimbo la Leinster, wa kwanza tangu 1957.

Mwezi wa kuondoka nao una uzito. Tangu 2022 kalenda imegawanywa: kaunti hucheza hadi Julai, kisha vijana hurudi klabu zao hadi mwisho wa mwaka. Meneja aliyeteuliwa Agosti hupata miezi kadhaa ya kuzunguka viwanja vya vijijini, kola imesimama kuzuia mvua, akiangalia nani wa kumwita. Aliyeteuliwa Novemba ameshakosa karibu yote, na wasaidizi wazuri wameshachukuliwa na kaunti nyingine. Farrell mwaka 2019 aliteuliwa Desemba na hakudhurika, kwa sababu hakuwa na cha kutafuta: alikuwa ameshawaona vijana wale wakikua.

Farrell naye aliondoka 2025, baada ya kuongeza ubingwa mwingine 2023 na kisha kutolewa na Tyrone kwenye robo fainali. Safari hii Dublin haikumpandisha kocha wa vijana. Ilikwenda Louth kumchukua Brennan, aliyekuwa beki wa kati kwenye kikosi cha Gavin kilichotwaa ubingwa 2013. Ameijua nyumba ile kama mchezaji, lakini vijana wa sasa wa Dublin hakuwalea yeye.