Jean Baptiste Point du Sable: ukitafuta ukoo wake, mfuate binti

Anayekuja kwetu kutafuta ukoo wake kwenye nyaraka za kale mara nyingi huja na jina la mwanamume mmoja, babu wa mababu. Anataka tushuke naye kutoka kwa babu huyo, mwana baada ya mwana, mpaka tumfikie yeye. Huwa namuuliza kwanza: mabinti walikuwa akina nani, na waliolewa wapi? Wengi hawajui. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Mfano ninaopenda kuufundishia ni wa Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara mweusi aliyeweka makazi kwenye mlango wa mto Chicago, Marekani, kabla mji wenyewe haujakuwepo. Husemwa kuwa ndiye mkazi wa kwanza wa kudumu wa Chicago. Neno hilo lataka uangalifu, maana Wapotawatomi, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wakiishi katika nchi ile, na mkewe Kitihawa alikuwa mmoja wao. Du Sable alikuwa wa kwanza kati ya waliotoka nje wakajenga na kukaa.

Picha yake iliyochorwa akiwa hai haijulikani. Mchoro unaosambaa sana ulitolewa 1884, miaka 66 baada ya kifo chake. Alichokiacha ni makaratasi, nayo karibu yote yaliandikwa na watu waliokuwa na shughuli zao nyingine.

Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Waingereza walimkamata kwenye kijito cha Trail Creek, ulipo leo mji wa Michigan City katika jimbo la Indiana, wakimshuku kuwa upande wa waasi. Ofisa aliyehusika, Thomas Bennett, aliandika kwa mkubwa wake kwamba mfungwa ana tabia njema na ana marafiki wengi wanaomshuhudia. Kwa hiyo ushuhuda mmoja wa mwanzo kuhusu tabia yake tunaupata kwenye barua ya aliyemfunga. Mwaka 1790 msafiri Hugh Heward alipita kwake Chicago, akabadilishana naye chombo cha majini, akanunua unga, mikate na nyama ya nguruwe. Heward alikuwa anaandika matumizi ya safari yake tu. Lakini kwa mtafiti maneno yale machache yanaonyesha kwamba pale palikuwa na mtu anayelima, anayesaga, anayeoka na mwenye akiba ya kumuuzia mpita njia.

Waraka ulio tajiri kuliko yote ni hati ya mauzo ya mwaka 1800. Alimuuzia Jean La Lime mali yake yote ya Chicago kwa livre 6,000, fedha ya hesabu ya Kifaransa, na karani akaorodhesha kitu kimoja kimoja. Nyumba ya futi 40 kwa 22. Kinu cha kusagia kinachozungushwa na farasi. Banda la kuokea mikate, la maziwa, la kukaushia nyama kwa moshi, la kuku, karakana, zizi, ghala. Nyumbu wawili, ng'ombe wakubwa 30, nguruwe 38, kuku 44. Halafu vyombo vya ndani: kabati ya mbao za jozi yenye milango ya vioo, masufuria ya shaba, vioo vya kujitazamia, picha za ukutani. Nikisoma orodha ile naiona sebule. Hakuna simulizi iliyonionyesha mtu huyu kwa ukaribu kama karani yule aliyekuwa akihesabu kuku.

Hati hiyo ilionekana tena mwaka 1913, na haikuonekana Chicago. Ilikuwa Detroit, mashariki mwa jimbo la Michigan, kwa sababu wakati wa mauzo eneo la Chicago lilikuwa chini ya utawala wa Detroit. Mtafuta nasaba yeyote alishike jambo hili: ulizia makao makuu ya wakati ule, siyo ya leo. Mipaka huhama, na makaratasi hubaki pale pale yalipoandikishwa.

Jina nalo linahitaji subira. Point de Sable, Point Sable, Point de Saible, Point au Sable: kila mwandishi aliandika alivyosikia. Hili la "du Sable" tunalolitumia leo lilizoeleka baada ya yeye kufa. Anayetafuta herufi zile zile tu kwenye faharasa atarudi mikono mitupu, na atadhani nyaraka hazipo.

Lipo pia swali la nani alibaki na kusimulia. Kwenye hati ya 1800 kuna shahidi, John Kinzie. Baadaye Kinzie ndiye aliyeishi kwenye nyumba ile ile, na kwa miaka mingi akaitwa baba wa Chicago. Habari kwamba Du Sable alitokea Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, inapatikana kwenye kumbukumbu zilizochapishwa 1856 na Juliette Kinzie, mke wa mtoto wa John. Mwaka 1953 ikatoka simulizi ya maisha ya Du Sable iliyochanganya yaliyojulikana na ya kubuni, ikiwa na mahali pa kuzaliwa na safari za ujana, na watu wakaanza kuinukuu kama ushahidi. Haiti yawezekana kabisa. Lakini waraka wa wakati wake unaothibitisha hivyo haujapatikana, na mtafiti mwaminifu anaiandika kwa penseli.

Sasa tuje kwa watoto.

Tarehe 27 Oktoba 1788, huko Cahokia kwenye mto Mississippi, Jean Baptiste na Kitihawa, aliyeitwa pia Catherine, walifungishwa ndoa na padri Mkatoliki. Walikuwa wameshaishi miaka mingi kama mume na mke kwa mila za Wapotawatomi, na watoto wao wawili walikuwa wameshazaliwa: Jean Baptiste mdogo na Susanne. Aliyeanza kuhesabu uzao wa ndoa hii kutoka 1788 amewaruka wote wawili.

Mwana alifariki 1814, baba yake akiwa bado hai. Uzao wa kuumeni hauonekani ukiendelea kwenye nyaraka, na anayefuata jina la ukoo peke yake anafungia daftari hapo. Lakini Susanne aliolewa Cahokia mwaka 1790 na Jean Baptiste Pelletier. Mwaka 1796 wakampata binti huko Chicago, Eulalie, aliyebatizwa St. Louis 1799. Mjukuu wa Du Sable, basi, yumo kwenye madaftari kwa jina la Pelletier, akisubiri mtu wa kufungua ukurasa wa herufi nyingine.

Hapa nitoe tahadhari. Mwaka 1813 Du Sable, akiwa mzee St. Charles, Missouri, alimpa Eulalia Barada, mke wa Michael Derais, nyumba yake kwa sharti kwamba amtunze na amzike kwenye makaburi ya Wakatoliki. Waandishi wengi wamesema huyu ndiye mjukuu, kwa sababu ya Eulalie na Eulalia. Mimi nasita. Mjukuu alibatizwa kwa jina la Pelletier, na Barada ni ukoo uliojulikana pale pale St. Charles. Kulingana kwa jina la ubatizo peke yake hakutoshi kumtia mtu kwenye shajara ya nasaba. Ukimtia asiye wake, vizazi vyote vilivyo chini yake ni vya watu wengine.

Wengine huniuliza kuhusu DNA. Kipimo cha kuumeni kinahitaji mstari wa wanaume usiokatika, nao hatuna. Mwaka 2002 mahali panaposemwa kuwa kaburi lake huko St. Charles palichimbuliwa, na mabaki hayakupatikana. Njia inayobaki wazi ni ile mama anayowarithisha watoto wake wote na mabinti wakaiendeleza: kutoka Kitihawa kwenda Susanne, kutoka Susanne kwenda Eulalie, na mabinti wa Eulalie kama alijaliwa. Njia hiyo hiyo inarudi nyuma kwa Wapotawatomi, ambao wengi wao walihamishwa ng'ambo ya Mississippi baada ya mkataba wa Chicago wa 1833, na ambao mataifa yao yapo hadi leo Oklahoma, Kansas na Michigan.

Du Sable alifariki 28 Agosti 1818. Padri wa St. Charles hakuandika wazazi, wala alikotoka, wala ndugu. Aliandika neno moja la Kifaransa la kutaja weusi wake. Daftari la ubatizo la St. Louis, la miaka 19 kabla ya hapo, lilikuwa tayari na jina la mjukuu.