Jiko la mkaa chumbani: maswali ya jirani yangu na majibu yake

Jirani yangu alihamia Njombe akitokea Tanga mwezi Juni, majira ambayo huku kwetu baridi hukaza hadi sakitu ikaonekana juu ya majani asubuhi. Alikuja na watoto wawili, mama mkwe wake, na mdogo wake wa kike aliyekuwa amejifungua wiki hiyohiyo. Kwa kuwa alisikia kwamba nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, alizoea kubisha hodi jioni akiwa na swali moja, akaondoka na jibu, na kesho yake akarudi na jingine. Nimeyaandika maswali hayo karibu kama alivyoyauliza, kwa sababu ni yale yale ninayoulizwa na watu wengi.

Dada, usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya joto, lakini tunasubiri kwanza mkaa ushike wote na moshi uishe. Bado kuna hatari?

Hatari ipo, na ubaya wake ni kwamba watu huacha kuiogopa pale tu moshi unapokwisha. Moshi unawasha macho na kukereketa koo, kwa hiyo mtu huukimbia mwenyewe. Kinachoua ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo makaa mekundu yasiyo na moshi wowote huendelea kuitoa mpaka yanapozimika kabisa. Chumba kikiwa kimefungwa, na pengine mmeziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa ili baridi isiingie, gesi hiyo haina pa kutokea na huzidi kujaa.

Ikishavutwa, huingia kwenye damu na kuishika himoglobini, yaani ile sehemu ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na huishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, mapafu yanafanya kazi, lakini damu inayofika kwenye ubongo na moyo haina oksijeni ya kutosha. Aliyelala hahisi kukabwa wala kukosa pumzi, na ndiyo maana haamki. Usingizi wake unazidi tu kuwa mzito.

Tutajuaje kwamba imeanza kutudhuru?

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, na wakati mwingine kutapika au kuchanganyikiwa. Tatizo ni kwamba dalili hizi zinafanana na za malaria, za mafua au za chakula kilichoharibika, na nimeona familia ikinywa dawa za malaria kwa siku mbili huku ikiendelea kulala na jiko lile lile. Angalia mambo mawili: je, wote mliolala chumba kimoja mmeamka mkiumwa kichwa kwa pamoja bila homa, na je, maumivu hupungua mkishakaa nje kwa muda, kisha hurudi usiku unaofuata? Jibu likiwa ndiyo, chanzo kitafutwe kwenye mkaa kabla ya kutafutwa kwingine kokote. Watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa moyo na wajawazito hudhurika mapema zaidi, na kwa mjamzito gesi hiyo humfikia pia mtoto aliye tumboni, ambaye anaweza kuumia hata kama mama mwenyewe anajiona yuko salama.

Na tukimkuta mtu amelegea au haamki?

Fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, na usikawie ndani, kwa kuwa waokoaji nao huanguka wakibaki mle chumbani kutafuta nguo au kulizima jiko. Akiwa hapumui, mlaze chali mahali pagumu, ukandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Akiwa anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Maziwa hayaiondoi gesi hii kwenye damu, na mtu aliyelegea akinyweshwa chochote anaweza kupaliwa.

Hata akizinduka na kusema yuko sawa, afikishwe hospitalini. Katika hewa ya kawaida mwili huhitaji takriban saa 4 hadi 6 kupunguza nusu tu ya gesi iliyoshika damu, ilhali akivuta oksijeni safi kwa barakoa muda huo hushuka hadi kati ya saa 1 na saa 1 na nusu. Mkifika, sentensi ya kwanza kumwambia mhudumu iwe hii: "Tulilala na jiko la mkaa chumbani." Nasisitiza hilo kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa kwa mgonjwa aliye hatarini, na asiyeambiwa habari za mkaa anaweza kumruhusu arudi nyumbani.

Tukiweka beseni la maji karibu na jiko, au tukiacha dirisha wazi kidogo? Jiko letu ni lile zuri la udongo ndani.

Maji hayasaidii, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Dirisha lililoachwa wazi kidogo hupunguza hatari bila kuiondoa, na hakuna anayeweza kukupimia kwa macho ni uwazi wa kiasi gani unaotosha, hasa upepo unapokuwa umetulia. Jiko lenye udongo ndani linatunza joto na kuokoa mkaa, na kwa hilo nalisifu, lakini mkaa unaoungua humo unatoa gesi ile ile. Kwa hiyo jibu langu kuhusu kulala nalo ni hapana, hata kwa usiku mmoja.

Mama mkwe anasema mzazi lazima aote moto siku 40, na mdogo wangu amewekewa jiko chini ya kitanda. Nitamwambiaje mtu mzima?

Hapa sitaki umvunjie heshima, kwa sababu anachokitafuta ni sahihi: mzazi na kichanga wanahitaji joto, na mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Tunachobadilisha ni njia tu. Nilikwenda mwenyewe kumsalimia, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwambia, "Shikamoo, mama. Joto la mzazi tunalitaka wote. Tunaomba moto uotwe pasipofungwa, na wakati wa kulala utoke nje." Alikubali, ingawa kwanza aliniuliza nimezaa watoto wangapi.

Tulipanga hivi. Mzazi huota moto mchana kibarazani, upande usio na upepo. Jioni, kabla ya kulala, jiko hutolewa likiwa na moto wake, mlango huachwa wazi kwa muda ili hewa ya chumba ibadilike, kisha ndipo watu huingia kulala. Makaa humwagiwa maji huko nje, si kuachwa kwenye ukumbi au jikoni panapopakana na chumba, kwa kuwa gesi hupita chini ya milango. Mtoto huvalishwa kofia na soksi, na sehemu kubwa ya siku hubebwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amefunikwa kanga na blanketi mgongoni huku uso ukibaki wazi. Hakuna jiko linalompa mtoto joto la kiasi kama mwili wa mama yake. Kitanda hupashwa kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, ambayo huondolewa kabla mtoto hajalazwa ili isimuunguze.

Na kupika kwa kuni ndani mchana, mlango ukiwa wazi?

Ni afadhali kuliko usiku, lakini moshi wa kila siku una madhara yake ya polepole: nimonia kwa watoto, magonjwa sugu ya mapafu, ya moyo, kiharusi, na hata mtoto wa jicho kwa wapishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka 5. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, lakini wewe unapika leo. Basi tumia kuni zilizokauka, funika sufuria, loweka maharage tangu usiku ili yaive kwa muda mfupi, pikia nje kila hali ya hewa inaporuhusu, na mtoto asifungwe mgongoni wakati wa kupika. Hilo la mgongoni wengi hatulioni, kumbe pua ya mtoto iko kwenye moshi ule ule unaotukimbiza sisi.

Mwanangu alivuta ukingo wa sufuria ya uji, ukammwagikia mkono. Nilimpaka dawa ya meno. Nilikosea?

Ulifanya ulichofundishwa, na wengi wangefanya hivyo, lakini safari ijayo usipake chochote. Dawa ya meno, yai bichi, unga, siagi na majivu hufunika kidonda huku joto likiwa bado ndani ya ngozi, huweza kuingiza vijidudu, na hospitalini inabidi visuguliwe ili kidonda kionekane, jambo linalomuumiza mtoto mara ya pili. Uji ni mbaya kuliko maji ya moto kwa kuwa hunata na kuendelea kuunguza.

Kinachotakiwa ni maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili kwa saa. Dakika 20 ni nyingi mtoto anapolia, na karibu kila mzazi huacha baada ya mbili au tatu. Lakini ngozi huendelea kuungua kwa ndani hata baada ya uji kuondolewa, na maji ndiyo yanayouzima moto huo. Hata ukichelewa, maji yanafaa ndani ya saa 3 tangu aungue. Kama bomba halitoi, chota maji safi kwa kikombe na kuyamimina taratibu juu ya mkono, yakidondokea kwenye beseni safi, kisha uyachote tena. Barafu isitumike, kwa kuwa nayo huumiza ngozi. Vua nguo iliyolowa, bangili na shanga mapema kabla mkono haujavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe kanga, kwani mtoto mdogo anaweza kupata baridi wakati mkono wake unapoozwa. Mwishoni funika jeraha kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na malengelenge usiyapasue.

Apelekwe kituo cha afya ikiwa eneo lililoungua linazidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, au limegusa uso, viganja, nyayo, sehemu za siri au viungo vya kukunjika, au ikiwa ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi. Mtoto wa chini ya miaka 5 ningemtaka aonekane hata jeraha likiwa dogo, na kadi yake ya chanjo iende naye ili pepopunda ikaguliwe.

Na mafuta ya taa? Tunayaweka kwenye chupa ya soda.

Yahamishe leo, kabla hujapika. Mtoto mwenye kiu huijua chupa ya soda. Akiyanywa, asitapishwe kwa kidole, kwa maji ya chumvi wala kwa maziwa, kwa sababu madhara makubwa ya mafuta ya taa hutokea yanapoingia kwenye mapafu, na kutapika huyapitisha kooni kwa mara ya pili. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, umpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Kikohozi au kupumua haraka mara nyingi hujitokeza ndani ya saa 6, kwa hiyo kutulia kwake dakika za mwanzo kusikudanganye.

Mume wangu amenunua mtungi wa gesi. Nikisikia harufu nifanye nini?

Gesi ya kupikia yenyewe karibu haina harufu. Harufu hiyo huongezwa makusudi ili uvujaji utambulike. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutanda sakafuni. Usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa, hata ya kuzima, wala usipige simu ukiwa ndani. Funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje, na ukiwa mbali piga 114 kuwaita zimamoto kama harufu haipungui. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio kwa sifongo na utazame: mapovu yakianza kuvimba, hapo panavuja, na mtungi hutolewa nje na kurudishwa kwa muuzaji siku hiyohiyo.