Chuma Kikibanwa: Usumaku na Umbo la Fuwele katika Vipitishi Kamili

Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba, na njiani sehemu yake hupotea kuwa joto kwa sababu waya una ukinzani. Kipitishi kamili ni kitu ambacho kikipozwa vya kutosha, ukinzani wake huwa sifuri. Chuma kilidhaniwa adui wa hali hiyo, maana usumaku huvunja jozi za elektroni zinazoileta. Mwaka 2008 kundi la mwanasayansi Hideo Hosono huko Japani likaonyesha mchanganyiko wenye chuma na aseniki ukifikia hali hiyo kwenye nyuzi 247 za Selsiasi chini ya sifuri. Ulipobanwa, ukaiwahi mapema zaidi, karibu nyuzi 230 chini ya sifuri.

Kubana kunafanya nini? Ndani ya michanganyiko hii atomu za chuma zimekaa kwa matabaka, zimepangwa miraba. Mingi ikipozwa, miraba hurefuka kidogo upande mmoja ikawa mistatili, na hapo hapo, au baridi ikizidi kidogo, sumaku ndogo za atomu hujipanga: kwenye upande mrefu zinapingana, kwenye upande mfupi zinaelekea kumoja. Umbo na usumaku huenda pamoja, ukigusa kimoja umegusa na cha pili.

Mfano unaonivutia zaidi ni mchanganyiko wa kalisi, chuma na aseniki. Unahitaji mgandamizo wa kama mara 3,500 ya ule wa hewa. Mpiga mbizi wa Mnemba akishuka mita 10 huongezewa mara moja tu. Kufikia 3,500 angeshuka kilomita 35, na bahari ya kina hicho haipo duniani. Kwa mgandamizo huo na baridi kali, kimo cha fuwele, yaani kipande ambacho atomu zake zimepangwa kwa utaratibu, hupungua karibu sehemu moja ya kumi. Aseniki za matabaka jirani hushikana, miraba hurudi, na usumaku wa chuma hutoweka.

Basi ungetarajia ukinzani nao utoweke. Wapi! Ikibanwa sawasawa pande zote kwa heli, fuwele hiyo haigeuki kipitishi kamili. Ikibanwa ndani ya kimiminika kinachoganda na kusukuma upande mmoja kuliko mwingine, ukinzani hupotea, kwa kuwa sehemu zenye maumbo tofauti hubaki zimechanganyika.

Mchanganyiko wa chuma na seleni ni kinyume kabisa: bila kubanwa miraba yake hurefuka pasipo usumaku kujipanga, na ukibanwa ndipo usumaku huo hujitokeza.