Chumvi, magadi, maji na chai: maswali ya afya kutoka Kisumu na Nakuru

Pesa ni kidogo. Nikibadilisha kitu kimoja tu jikoni, kiwe kipi?

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha kila alichokula. Sasa hesabu ya nyumbani kwetu: chumvi kwenye mchuzi wa omena, kiungo cha pakiti ambacho nacho kimejaa chumvi, magadi kwenye mboga, kisha kopo lililo mezani ambalo baba hulifikia kabla hata hajaonja. Jioni kuna mahindi ya kuchoma, yamepakwa ndimu, pilipili na chumvi tena.

Anza na lile kopo: liondoe mezani. Kwenye sufuria punguza kidogo kidogo, maana ukipunguza yote siku moja watu watasusia chakula. Baada ya wiki chache ulimi huzoea. Dhania, kitunguu saumu, tangawizi na limau vitasaidia. Chumvi hiyo kidogo iwe bado ile yenye madini ya joto, inayouzwa madukani.

Bila magadi kunde hazilainiki na osuga inakuwa chungu. Tufanyeje?

Swali hili ndilo hasa la kwetu, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Magadi ina sodiamu, madini yale yale ya chumvi yanayopandisha presha. Kwa hiyo mama anayejisifu kwamba amepunguza chumvi huku akitia magadi kila siku bado hajapunguza. Tena magadi huharibu baadhi ya vitamini za mboga, na yale maji ya kijani tunayoyamwaga baada ya kuchemsha huondoka na vitamini nyingine.

Kunde changa, zilizochumwa kabla majani hayajakomaa, hulainika zenyewe ukizifunika kwa maji kidogo. Osuga (wengine huiita managu) ichanganye na mchicha, uchungu utapungua. Au fuata njia ya akina nyanya wa Kijaluo: tia maziwa, iache itulie, uipashe tena kesho yake. Uchungu hufifia kila inapopashwa. Ila hakikisha inachemka kabisa kila mara, na usiiache wazi usiku kucha.

Kuna pia munyu wa Waluhya, unaochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe au ya ndizi. Huo una potasiamu zaidi kuliko sodiamu, kwa hiyo kwa wengi si tatizo kama magadi. Mgonjwa wa figo asiutumie bila kumuuliza daktari.

Na chai?

Chai yenyewe haina neno. Sukari ndiyo shida. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, hivyo ni vijiko tisa kabla hujagusa soda wala mandazi. Lengo zuri ni kama vijiko sita kwa siku, vyote pamoja.

Jambo lingine: chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharagwe. Subiri kama saa moja baada ya kula, hasa ukiwa mjamzito au ukiwa umeambiwa damu ni kidogo. Limau likikamuliwa juu ya mboga husaidia chuma hicho kuingia mwilini.

Tunaishi Nakuru na maji tunachemsha. Mbona meno ya watoto yana madoa ya kahawia?

Kwa sababu ya floraidi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini hayo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, inabaki ikiwa nzito zaidi. Madoa huanza meno yakiwa bado yanakua ndani ya ufizi, kwa hiyo wa kulindwa kwanza ni mtoto mdogo. Maji yake ya kunywa na ya uji yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye paa safi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, kisha yachemshwe au yatiwe dawa. Na mswaki wa mtoto wa chini ya miaka mitatu unahitaji dawa ya meno ukubwa wa punje ya mchele tu.

Makaa yamepanda bei. Huku Nyalenda tunaweza kusafisha maji bila moto?

Ndiyo. Dawa ya klorini ni rahisi: fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, subiri dakika 30. Jua la Kisumu pia linatosha. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha, isiyozidi lita mbili, jaza maji yaliyochujwa kwa kitambaa safi hadi yaonekane maangavu, ilaze juu ya mabati kwa saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo. Maji ya tope hayafai kwa njia hii, na jua haliondoi kemikali.

Neti yetu imechafuka. Tuifueje?

Kwa sabuni ya kipande na maji baridi, polepole, bila jiki. Ianike kivulini, maana jua kali hudhoofisha dawa iliyomo. Wanaoigeuza ua wa kuku au tandiko la kuanikia omena wanajua wanachofanya, sina la kuwaambia.

Vipi dawa za kusafisha mwili zinazouzwa stendi?

Ini na figo hufanya kazi hiyo bure. Bei ya chupa moja ingenunua gorogoro ya maharagwe.

Mimi ni wa bodaboda, kutwa nimeketi. Nifanyeje?

Dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki zinatosha kuanzia. Ukingoja abiria, shuka kwenye pikipiki utembee.

Nitajuaje kama presha iko sawa?

Muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Tangu 2023 serikali imewagawia vifaa, vikiwemo mashine ya presha na ya kupima sukari, na hupima nyumbani. Kabla ya kupimwa nenda choo, kaa dakika tano bila kuongea, uegemee kiti, mkono uwe juu ya meza, na usiwe umetoka kunywa chai au kuvuta sigara. Ikisoma 140/90 au zaidi, na ikarudia siku nyingine, nenda kliniki. Kama tayari unameza dawa za presha, usiziache kwa kuwa umepunguza chumvi. Nenda na vipimo vyako vilivyoandikwa pamoja na tarehe, daktari ndiye atakayeamua kama kipimo cha dawa kishuke.