Maswali ya Goma kwa watafiti wa sayari

Kila tunapokwenda katika shule na mitaa ya Goma kueleza hali ya volkano, baada ya maswali kuhusu rangi za tahadhari na njia za kuhamia, hakosekani mtu wa kuuliza jambo lisilokuwa katika ratiba: je, milima ya moto kama hii iko kwingine angani? Mwanafunzi mmoja wa Majengo alipojibiwa kwamba iko, aliuliza tena: «Na kule nani anakimbia?» Darasa likacheka. Hakuna anayekimbia kule, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani, kwa sababu pasipo na watu wa kukimbia hapana pia mtu wa kupanda mlima, kuchota kipande cha lava na kukipeleka maabara. Wenzetu wanaochunguza volkano za sayari nyingine hufanya kazi yote kwa mbali, na ndiyo maana kila tunapozungumza nao, wao hutuuliza habari za Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wetu, nasi huwauliza habari za vyombo vyao.

Mahali panapotajwa zaidi katika mazungumzo hayo ni Io, mmoja wa miezi minne ya sayari ya Mshtarii ambayo Galileo Galilei aliiona kwa darubini mwezi Januari 1610. Upana wake ni kama kilomita 3,640, yaani umeuzidi kidogo tu Mwezi wetu, na gimba dogo kiasi hicho lilipaswa kuwa limepoa zamani. Badala yake Io una volkano hai zaidi ya 400, na hakuna mahali pengine katika mfumo wa Jua panapoufikia kwa moto.

Jambo hilo lilijulikana karibu kwa bahati. Tarehe 9 Machi 1979, mhandisi Linda Morabito, aliyekuwa katika kikosi cha kuongoza safari ya chombo Voyager 1 huko California, alikuwa akitafuta nyota katika picha ya Io ili kuhakikisha njia ya chombo. Alipoongeza mwanga wa picha ili nyota hafifu zionekane, pembeni mwa Io pakatokea kitu mfano wa mwavuli wa wingu, kilichopanda zaidi ya kilomita 250 juu ya ardhi. Hiyo ikawa mara ya kwanza kwa binadamu kuona volkano ikilipuka nje ya Dunia. Siku chache tu kabla yake, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds walikuwa wamechapisha hesabu iliyoonyesha kwamba ndani ya Io lazima miamba iwe imeyeyuka. Katika kazi yetu ni nadra sana utabiri kutimia kabla wino haujakauka. Sisi wa Goma tungeridhika na nusu ya bahati hiyo.

Hesabu yao inaeleweka kwa kipande cha waya. Upinde waya huku na huku mara ishirini kwa haraka, kisha gusa pale ulipoupinda: umepata moto. Io nao hupindwa hivyo bila kupumzika. Huizunguka Mshtarii kwa muda wa saa 42 na nusu hivi, na kila Ganymede, mwezi mwingine wa Mshtarii, unapomaliza mzunguko mmoja, mwezi wa tatu, Europa, humaliza miwili na Io minne. Kuvutana huko kunakojirudia huizuia njia ya Io isiwe duara kamili, hivyo mara hukaribia sayari, mara hujitenga nayo, na ardhi yake hupanda na kushuka hadi mita 100. Ndugu zetu wa pwani wamezoea bahari kujaa na kupwa kwa mita chache. Kule linalojaa na kupwa ni jiwe. Moto wa Nyiragongo una asili nyingine: hutoka katika joto la Dunia yenyewe, na hupata njia ya kupanda kwa kuwa bara letu linapasuka polepole kwenye Bonde la Ufa, ambamo Ziwa Kivu limelala.

Ingawa asili ni mbili, juu mambo hufanana. Chombo Juno kilipita karibu na Io, kwa umbali wa kilomita 1,500 hivi, tarehe 30 Desemba 2023 na tena 3 Februari 2024. Vipimo vyake vya joto vimeonyesha maziwa ya lava yenye gamba lililopoa katikati na utepe mwembamba wa moto kandokando. Aliyewahi kulala kwenye ukingo wa Nyiragongo kabla ya mwaka 2021 anajua kwamba ziwa la lava si jekundu lote. Lina ngozi nyeusi iliyokatika vipande, na wekundu hung'aa kwenye nyufa na pale ngozi inapogusana na ukuta. Tofauti kubwa ni ukubwa. Bakuli la Nyiragongo lina upana wa kilomita 1.2 hivi, ilhali Loki Patera ya Io ina kama kilomita 200: ungetoka Goma, ukaipita Bukavu, na bado hujafika ng'ambo.

Wakaaji wanaoishi karibu na mazuku huuliza zaidi habari za sayari ya Zuhura, nao wana haki. Hewa ile nzito inayotuama mabondeni na kuua mbuzi asubuhi, bila rangi wala harufu, ni gesi ya kaboni dioksaidi, na hewa ya Zuhura ni gesi hiyohiyo kwa asilimia 96. Wingu la Zuhura halipitishi macho, kwa hiyo chombo Magellan kiliipiga picha kwa rada. Picha zake mbili za mwaka 1991, zilizopishana miezi minane, zilipolinganishwa upya na matokeo kutangazwa mwaka 2023, tundu moja la volkano lilionekana limepanuka na kubadilika umbo. Rada za setilaiti ndizo pia zilizoonyesha, baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021, kwamba magma, yaani miamba iliyoyeyuka ikiwa bado ardhini, ilikuwa imepenya chini ya mji wetu hadi chini ya ziwa, wakati mawingu ya Virunga yakiwa yameufunika mlima.

Dalili za wazi za mlipuko huo zilitangulia kwa muda usiofika saa moja. Mwanga nao, kutoka Io hadi hapa, husafiri kati ya dakika 33 na 53, kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi. Tulipomweleza hayo yule mwanafunzi wa Majengo, alihesabu kwa vidole, kisha akasema kwamba basi habari za kule na za hapa hufika karibu kwa muda uleule.