Je, wajua kwa nini kalamu iliyosuguliwa huvuta karatasi kisha huifukuza?

Sugua kalamu ya plastiki kwenye nywele kavu, kisha isogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka na kuganda kwenye kalamu. Wengi huishia hapo. Endelea kutazama, utaona jambo la kuvutia zaidi: baadhi ya vipande hufyatuka ghafla na kurushwa pembeni. Kalamu ileile iliyovivuta sasa inavisukuma.

Kila kitu kimeundwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni, zenye chaji chanya, na kukizunguka kuna elektroni, zenye chaji hasi. Kwa kawaida idadi zake ni sawa, ndiyo maana hatuhisi chaji yoyote. Protoni zimeshikiliwa imara ndani ya kiini na haziondoki kwa kusuguliwa. Elektroni za nje ndizo zinazoweza kuhama. Kalamu inapogusana na nywele, plastiki hunyang'anya nywele baadhi ya elektroni. Kalamu inabaki na chaji hasi, nywele zinabaki na chaji chanya, na kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana, nywele husimama kila mmoja ukiukimbia mwenzake. Hakuna chaji iliyotengenezwa hapo. Ilichopata kalamu ndicho hasa nywele zilichopoteza.

Wengi hudhani msuguano ndio unaozalisha umeme huu. Ukweli ni kwamba kugusana na kuachana kunatosha: bandua kipande cha selotepu kwa haraka kutoka kwenye roli yake, nacho kitavutwa na mkono wako bila kusuguliwa popote. Kusugua kunasaidia tu kwa kuongeza sehemu zinazogusana.

Turudi kwenye karatasi. Haikuwa na chaji, sasa ilivutwa na nini? Chaji hasi ya kalamu husukuma elektroni za karatasi zisogee kidogo upande wa mbali, hivyo upande wa karibu unakuwa chanya, na chaji zisizofanana huvutana. Nguvu ya umeme hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo mvuto wa upande wa karibu huushinda msukumo wa upande wa mbali. Karatasi inaruka. Ikishagusa kalamu, huanza kupokea baadhi ya elektroni zake, na ikipata za kutosha inakuwa hasi kama kalamu yenyewe. Hapo ndipo inapofukuzwa.

Majina ya chanya na hasi tuliachiwa na mwanasayansi wa Marekani Benjamin Franklin katika karne ya 18, muda mrefu kabla ya mwanafizikia Mwingereza J. J. Thomson kugundua elektroni mwaka 1897. Elektroni ikaangukia upande wa hasi, na ndiyo maana kitu "kilichoongezewa" elektroni huitwa hasi, jambo linalowachanganya wanafunzi wengi hadi leo.

Chaji hupotea kwa njia kadhaa. Hewa yenye unyevu huacha utando mwembamba wa maji juu ya vitu, na chaji huvujia humo. Ndiyo sababu majaribio haya hufanikiwa zaidi hewa ikiwa kavu. Njia nyingine ni cheche. Hewa hushindwa kuzuia umeme unapofikia takriban volti 30,000 kwa sentimita moja, na elektroni huruka kwa mkupuo. Mtu aliyetembea juu ya zulia anaweza kubeba volti elfu kadhaa bila kujua, akashtuka anapogusa kitasa cha chuma. Haimdhuru, kwa sababu kiasi cha chaji ni kidogo mno.

Kwa vifaa, hali ni tofauti kabisa. Baadhi ya vipuri vya kielektroniki huharibiwa na volti chini ya 100, ambazo mwili hauzihisi hata kidogo. Ndiyo maana mafundi makini wa kompyuta huvaa mkanda kwenye kifundo cha mkono uliounganishwa na ardhi kwa waya, na lori la mafuta huunganishwa kwa waya na tangi kabla ya kumimina, ili cheche isije ikakutana na mvuke wa petroli.